Amri ipi kwanza?



Najua nimepotea. Hii ni wiki ya tatu sijaandika kitu, na wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama nimepata sapu nikaamua kujificha. Hapana jamani. Nipo mzima, nipo hapahapa Iringa, baridi inatupiga kama kawaida na kuoga asubuhi bado kunahitaji imani. Kilichonipoteza ni gemu. Na wala sio kucheza. Ni kutengeneza.

Mnaomjua mwenzangu wa chumbani mnajua kwamba yeye anasoma Hisabati na Kompyuta, mimi Historia na Kiswahili. Wote ni walimu watarajiwa, ila yeye anaota kompyuta hata usingizini. Siku moja akaniambia, "Wewe kila siku Mkwawa, Mkwawa. Hebu niambie ile vita ya Lugalo ilikuwaje, niiweke kwenye laptopu watoto waicheze." Nikaona sawa, kazi ya jioni mbili tatu hiyo. Huu sasa ni mwezi wa nane.

Gemu lenyewe ni la mkakati. Mchezaji anaangalia ramani kwa juu, anaona Kalenga, anaona Mto Ruaha Mdogo, anaona vichaka na mawe ya Lugalo. Ana wapiganaji wa mikuki, ana wapelelezi, ana wapagazi wa chakula, ana watu wa kuchunga ng'ombe. Unabofya mtu, unambofyia mahali, anakwenda. Ramani tulichora kwa wiki moja. Watu tuliwachora kwa wiki mbili. Kilichotula miezi yote iliyobaki ni swali moja ambalo ukilisikia utacheka: mtu mmoja akiwa na amri tatu kwa wakati mmoja, afuate ipi?

Hebu fikiria. Mpiganaji umemwambia ajifiche kichakani. Akiwa pale, adui anapita hatua kumi mbele yake. Hapohapo mwenzake wa kushoto anachomwa risasi. Hapohapo wewe mchezaji umebofya kikosi kizima kiende mtoni. Na yeye mwenyewe damu yake imebaki robo. Sasa huyu ndugu afanye nini? Kompyuta haina aibu, haina huruma, haina "nilidhani". Usipoipangia, haifanyi.

Kwenye toleo la kwanza tuliamua makusudi tusipange chochote, tuone. Sheria ilikuwa moja tu: amri ya mwisho ndiyo amri. Matokeo yake ni kichekesho. Unamtuma mtu kutoka Kalenga kwenda mtoni, njiani anapigwa risasi, naye anaendelea kutembea tu kwa sababu kaambiwa atembee. Anakufa anatembea. Toleo la pili tukageuza kinyume: kila mtu ajiamulie. Lo! Mjerumani wa kwanza kuonekana kwa mbali, jeshi zima likatoka vichakani likamkimbilia, mpaka wachunga ng'ombe. Mtego umekwisha kabla haujaanza.

Tukaenda kuangalia wakubwa walifanyaje. Wale mliokulia kwenye vibanda vya gemu mnaikumbuka Age of Empires II ya mwaka 1999. Pale kila askari unampa msimamo: ashambulie kila anachokiona, au ajilinde bila kwenda mbali, au asimame palepale, au asipigane kabisa. Kwa hiyo amri ni moja lakini tabia ya kuitekeleza ni nyingine. StarCraft ya mwaka 1998 wao walitenganisha "nenda" na "nenda huku ukipigana". Ukisema nenda tu, askari anapita katikati ya risasi kama yule wetu wa toleo la kwanza. Ukisema nenda ukipigana, anasimama akikutana na adui, anamaliza, halafu anaendelea na safari. Kisha kuna Shogun: Total War ya mwaka 2000. Kikosi kikivunjika moyo kinatimua mbio, na hapo ubofye mpaka kidole kiume, hawakusikilizi mpaka moyo uwarudie. Mimi hiyo ya mwisho niliipenda sana. Ni ya kibinadamu.

Lakini mwalimu wetu mkubwa hakuwa kwenye kompyuta. Alikuwa kijiweni, anacheza bao.

Jumamosi moja tulishuka mjini, tukakaa na wazee wanaocheza bao tukitazama tu. Mwenzangu hajui bao, akawa anauliza kila hatua. Mzee mmoja akamjibu bila kuinua macho: "Kula ni lazima, mwanangu. Kama pa kula papo, huwezi kwenda kwingine." Mwenzangu akanigeukia macho yamemtoka. "Umesikia? Hicho ndicho kipaumbele!"

Na kweli. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na ndani yake amri zimepangwa ngazi kwa ngazi tangu enzi za mababu. Kama unaweza kula, lazima ule. Kama huwezi kula, unatakata. Mkiwa mmeshamaliza kete za mkononi na mpo kwenye mtaji, kutakata kunaanza safu ya mbele, na ya mbele ikishindikana ndipo unaruhusiwa ya nyuma. Hakuna cha "mimi leo nimejisikia". Halafu wazee wakaacha mahali pa hiari: kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako wakati unakula, unachagua mwenyewe kulala au kusafiri nayo. Sehemu nyingi sheria inakuamulia, pale kwenye nyumba inakuuliza wewe.

Nikakaa nikiwaza, kwa nini wasikupe hiari kila mahali? Jibu nililiona kwenye mchezo uleule. Yule mzee alimwachia mwenzake kete mbili zinazolika kirahisi, mwenzake akalazimika kuzila, na kwa kuzila akafungua safu yake yote. Wote wawili walijua ni mtego. Lakini kula ni lazima! Hapo nikapata somo ambalo sijalikuta darasani: ukishajua vipaumbele vya mwenzako, unaweza kumwamrisha. Huhitaji kuwa kamanda wake. Unamwekea tu kile anacholazimika kukifanya.

Sasa turudi Lugalo, maana jambo hili ndilo lililotokea pale.

Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Wajerumani uliokuwa ukiongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimwita Nyundo, ulikuwa unapita Lugalo kuelekea ndani ya Uhehe. Alikuwa na askari wapatao 320, mbali na wapagazi. Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamejificha pembeni ya njia. Mpango ulikuwa wa amri moja tu: tulieni mpaka ishara ya mlio wa bunduki, msafara wote ukiwa umeingia ndani. Masimulizi ya vita hiyo yanasema ofisa mmoja wa Kijerumani aliona ndege, akampiga risasi. Basi! Wahehe wakasikia mlio, wakatoka. Zelewski akafa palepale, Wajerumani kumi wakafa, askari wao wengi wakafa, na bunduki zikachukuliwa kwa mamia. Lakini sehemu ya nyuma ya msafara, iliyokuwa chini ya Luteni Tettenborn, ilikuwa haijaingia kwenye mtego. Ndio waliobaki kusimulia.

Ukipanda basi la kwenda Morogoro, kabla hujafika Ilula, unapita eneo hilo. Mnara wa kumbukumbu upo karibu na barabara. Watu wengi wanapita wamelala.

Mimi nimeisoma vita hii tangu kidato cha pili, na kila mara nilifundishwa ushujaa, ambao ni wa kweli. Ila mpaka nilipokaa na mwenzangu kuandika gemu ndipo nikaona kitu kingine. Wale watu 3,000 walikuwa na nidhamu ya ajabu. Kulala kichakani bila kukohoa, adui anapita mbele yako, sio mchezo. Ngazi zao zilikuwa wazi: ishara inashinda kila kitu. Tatizo halikuwa kwenye utii. Ishara yenyewe ilikuwa kitu ambacho hata adui anaweza kukifanya. Kwa sekunde ile moja aliyetoa amri kwa jeshi la Mkwawa alikuwa Mjerumani, na wala hakujua.

Mwenzangu aliposikia hiyo alinyamaza, akafuta kurasa mbili za kazi yake, akaanza upya. Ngazi zetu sasa hivi zipo hivi, kuanzia juu:

1. Uhai. Damu ikishuka chini ya 30 kati ya 100, mtu anarudi nyuma.
2. Ishara ya vita kutoka kwa kamanda.
3. Amri ya mchezaji, yaani mbofyo wa moja kwa moja.
4. Kumsaidia mwenzake wa karibu anayeshambuliwa.
5. Kazi ya kudumu: kulinda, kubeba, kuchunga.
6. Kukaa na kungoja.

Mkiiangalia mtasema mbona rahisi. Subirini. Orodha sio kazi. Kazi ni yale yanayotokea katikati ya namba na namba.

La kwanza, ile amri iliyokatizwa inaenda wapi? Mpagazi anabeba ulezi, ghafla ishara inapigwa, anaweka mzigo chini anakwenda vitani. Vita ikiisha, anakumbuka ulezi? Tulimpa kila mtu kidaftari cha mistari mitatu. Ikija amri kubwa, ile ndogo inaandikwa chini. Kubwa ikiisha, anafungua daftari anarudi alipoachia. Mistari mitatu tu, kwa sababu tulipoweka kumi walikuwa wanakumbuka mambo ya zamani mno, mtu anatoka vitani anakwenda kuchunga ng'ombe aliokwisha kuchinjwa.

La pili, mtu wa kusitasita. Damu ikifika 29 anakimbia. Akikimbia anapumzika, inafika 31. Ikifika 31 anarudi vitani. Anachomwa, inakuwa 29, anakimbia. Utamwona anakwenda mbele na nyuma kama mtu aliyesahau funguo. Isaac Asimov aliandika hadithi mwaka 1942, inaitwa Runaround, ambamo roboti anazunguka dimbwi bila kufika wala kuondoka, kwa sababu amri ya kwenda na sheria ya kujilinda zimelingana nguvu. Sisi dawa yetu ni ya kawaida: mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia visiwe kimoja. Anaondoka kwenye 30, harudi mpaka ifike 60. Lakini dawa ya kwenye hadithi ile ndiyo iliyonikaa kichwani. Binadamu mmoja alijiweka mwenyewe kwenye hatari, na kwa kuwa kumwokoa binadamu ni sheria ya juu kuliko zote, roboti akaacha kuzunguka. Kitu cha ngazi ya juu kabisa kikiingia, kusitasita kunakwisha. Mtaona kwa nini nimekitaja.

La tatu, kivuko. Pale Ruaha Mdogo tuliweka sehemu nyembamba ya kuvukia, anapita mmoja mmoja. Mpagazi mwenye cheo cha chini kabisa yupo katikati ya maji. Nyuma yake kikosi chenye ishara ya vita kinangoja. Sasa wanatokea wachunga ng'ombe ng'ambo, ambao cheo chao ni cha kati, wanamwamuru mpagazi awapishe. Yeye ni mdogo kwao, anasimama. Kwa hiyo jeshi zima la ngazi ya juu limezuiwa na ng'ombe! Tulidhani ni balaa letu peke yetu, kumbe chombo cha Mars Pathfinder kilichotua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997 kilipata ugonjwa huohuo. Kazi ndogo ilishikilia kitu ambacho kazi kubwa inakihitaji, kazi ya kati ikaikatiza ile ndogo, kubwa ikangoja mpaka kompyuta ikawa inajizima na kujiwasha. Wahandisi walikitibu wakiwa huku duniani kwa kutuma marekebisho. Dawa yao ndiyo tuliyoichukua: yule mdogo anapomzuia mkubwa, anaazimwa cheo cha mkubwa mpaka atoke njiani. Ni kama bajaji iliyo darajani na nyuma yake kuna gari la wagonjwa. King'ora peke yake hakisaidii kitu. Unayetakiwa kumpa njia kwanza ni bajaji.

Sasa niwape stori ya Mbeya.

Mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kwetu Mbeya, shule moja ya kata ambayo kompyuta za wanafunzi haina. Laptopu ya mwenzangu alikuwa nayo yeye huko alikopangiwa. Nikasema nisiwanyime watoto. Nikachora ramani kwa chaki sakafuni, tukasukuma madawati pembeni, kila mwanafunzi akapewa kadi yenye zile ngazi sita. Wengine Wahehe, wengine msafara. Ishara ya vita ilikuwa kofi moja la mkono wangu.

Msafara ukaanza kuingia. Kimya kabisa, watoto wamechuchumaa nyuma ya madawati. Nusu ya msafara ilikuwa haijaingia, upepo ukaupiga mlango, paa! Jeshi likatoka lote linapiga kelele. Kicheko kilichofuata kilimleta mwalimu wa zamu. Nami nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu sikuhitaji tena kuwaeleza habari ya ndege. Nikawauliza tu: ishara ingekuwaje? Wakajibu wenyewe. Mmoja akasema makofi matatu. Mwingine akasema hapana, upepo unaweza kupiga mlango mara tatu, iwe kofi halafu filimbi, vitu viwili kutoka kwa watu wawili. Dogo wa kidato cha pili, jamani!

Kisha binti mmoja wa nyuma, ambaye wiki tatu hakuwahi kunyoosha mkono, akanyoosha. "Mwalimu, kadi yangu inasema nilinde kivuko. Kamanda aliyeniambia amekufa. Naendelea kulinda mpaka lini?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Niliwapa mfano wa Hiroo Onoda, askari wa Japani aliyebaki msituni kwenye kisiwa cha Lubang, Ufilipino. Vita iliisha mwaka 1945, yeye akaendelea kufuata amri mpaka Machi 1974, mpaka aliyekuwa mkubwa wake akaenda mwenyewe kumsomea kwamba amri imefutwa. Miaka 29. Watoto wakashika vichwa. Binti akasema, "Kumbe walitakiwa wamwambie na mwisho wake." Akakaa.

Swali lile lilinigusa mahali ambapo wale watoto wasingejua.

Wengi wenu mnafahamu kwamba muhula uliopita nilimpoteza bibi. Bibi mzaa mama, wa Tukuyu, ndiye aliyenilea. Alikuwa ananiita mume wangu mpaka naaga kuja chuo. Siku naondoka mwaka wa kwanza alinishika mkono akaniambia maneno ambayo nayakumbuka yalivyo: "Mume wangu, hata ukisikia nimekufa, maliza kwanza mtihani. Nitakungoja udongoni, siendi popote." Alicheka, mimi nikacheka. Lakini ilikuwa amri, na kwetu bibi akisema amesema.

Nyumbani kwetu tuna utaratibu wa bipu. Najua mtasema bipu zimepitwa na wakati, siku hizi kila mtu ana kifurushi. Sisi hatujauacha. Bipu moja, nimefika salama. Mbili, nipigie. Tatu usiku, njoo. Na kwa sababu watoto wanachezea simu, bipu tatu hazihesabiki mpaka zitoke kwenye simu mbili tofauti. Baba aliuweka utaratibu huo zamani, hajawahi kusoma habari za Lugalo wala kompyuta.

Usiku mmoja wa Jumanne ziliingia tatu kutoka simu ya mama. Alhamisi yake nilikuwa na tesiti yenye maksi 20. Nikaweka nguo kwenye begi. Nikazitoa. Nikakaa kitandani. Amri ya bibi inasema baki. Tesiti inasema baki. Moyo unasema nenda. Mwenzangu wa chumbani aliniangalia tu, hakusema neno. Saa nane kasoro usiku zikaingia nyingine tatu, simu ya mjomba. Nikafunga begi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi ya Igumbilo. Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, siijui barabara ile vizuri kama nilivyoijua siku hiyo. Uyole nikashuka, nikapanda kosta ya Tukuyu. Nilimkuta bibi akiwa hai. Hakuweza kusema sana. Alifumbua macho akaniona, akasema kwa Kinyakyusa kwamba mtihani umeisha mapema mwaka huu. Nikamwambia ndiyo bibi, umeisha. Nilikaa naye siku mbili. Ijumaa alfajiri akaondoka.

Tesiti niliifanya baadaye, baada ya barua na maelezo, na mhadhiri alinielewa. Kwa hiyo sio hadithi ya mtu aliyepoteza masomo. Lakini kwa miezi nilikuwa nimebeba lile jambo: niliivunja amri ya mwisho aliyonipa. Nilipomsikia yule binti akiuliza analinda mpaka lini, ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Bibi aliponipa amri ile alikuwa mzima, anachuma ndizi mwenyewe, anaogopa kitu kimoja tu: nisije nikaacha shule kwa ajili yake. Sababu ya amri ilikuwa shule yangu. Siku zile mbili shule yangu haikuwa kwenye hatari. Kivuko alichoniweka kukilinda kilikuwa salama, hata nikiondoka kwa siku mbili.

Niliporudi Iringa nilimsimulia mwenzangu stori ya binti, na hii ya bibi, mara ya kwanza tangu msiba. Akakaa kimya, kisha akafungua laptopu. Tumeongeza kitu kimoja kwenye gemu, na kwa maoni yangu ni kikubwa kuliko zile ngazi sita zote. Sasa kila amri inaandikwa na sababu yake pembeni. Linda kivuko, kwa sababu chakula kinapita. Chakula kikishavuka chote, sababu imekwisha, mlinzi anaweza kwenda kumsaidia mwenzake bila kungoja mtu aje kumfuta kazi. Na ishara ya vita sasa ni vitu viwili kutoka kwa watu wawili. Uhai bado upo namba moja, ingawa juu ya hilo bado tunabishana, maana mimi nasema Wahehe wa mwaka 1891 wasingekubali.

Kuna kasoro moja imejitokeza: watu wanaoelewa sababu wanatii polepole kidogo, kwa sababu kompyuta inakagua kwanza. Kwenye jaribio la juzi tulishindwa vita mara mbili kwa hilo. Mwenzangu anataka tupunguze ukaguzi. Mimi nasema tuwafundishe wachezaji kutoa amri zenye sababu fupi. Ubishi unaendelea, na kwa walimu wawili watarajiwa nadhani ni ubishi wa kufaa. Mwakani tutasimama mbele ya madarasa ya watoto sitini, tukisema kaa, simama, andika, nyamaza. Tungependa wakumbuke nini, amri au sababu?

Wanaotaka kulijaribu gemu, Jumapili jioni tupo chumbani, njooni na vikombe vyenu, chai ipo, sukari mchangie. Atakayekuja na bao tutamshukuru zaidi.

 Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.